Uzi mrefu: Kifua cha jikoni, na kinga inayolila pafu lililo lake

MwanaMaabara (mwanzisha uzi, Lamu)

Assalaam aleykum wana jukwaa, na hamjambo nyote.

Juzi humu mtu aliuliza ampe nini mamake mwenye kikohozi cha miaka mingi. Majibu karibu yote yakawa "mwongeze kinga": habasoda, asali, tangawizi, vidonge vya vitamini C. Nilisoma nikanyamaza, halafu nikaona kunyamaza si vizuri, maana nyumbani kwetu tulifanya hivyohivyo miaka minne mizima. Nataka kueleza jambo moja tu. Kuna ugonjwa wa kifua, madaktari huuandika kwa herufi nne COPD, yaani ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambao kinga haikupungua hata kidogo. Kinga iko tele, imewaka, haizimiki, na ndiyo inayolila pafu. Nitaandika kwa vipande kati ya zamu na zamu, mnivumilie.

Aliyenilea ni mama mkubwa. Amepika mahamri ya kuuza tangu kabla sijazaliwa. Saa tisa usiku huamka, akafunua unga alioukanda jioni kuona kama umeumuka, kisha hupanda juu darini kwenye jiko la makuti. Huanza na vifuu na makumbi kwa sababu hushika moto upesi, ndipo atie kuni za mkoko. Msimu wa kusi, moshi ukitoka hurudishwa ndani na upepo, naye yupo pale ameinama juu ya karai. Ukuta wa nyuma ya mafiga ni mweusi wa kung'aa. Ukipitisha kidole, masizi hutoka yamechanganyika na mafuta. Ukuta ule tulikuwa tukiupaka chokaa upya kila Shaabani.

Kikohozi kilianza cha asubuhi tu. Tukasema baridi ya bahari. Baadaye yakaja makohozi kila siku, kisha pumzi. Ngazi aliyokuwa akiipanda na sinia kichwani akawa anaipanda kwa vituo vitatu. Tulimpeleka kwenye kliniki moja, wakasema ni pumu. Mara nyingine wakasema nimonia, akapewa antibaiotiki. Akarudi, akapewa nyingine. Makohozi yalipimwa TB mara tatu, na mara zote hapakuwa na TB. Hakuna aliyemuuliza anapika na nini.

Kwa leo naishia hapa, kesho nitaleta nilichokiona kwenye darubini.

BahariYaManda

Pole dada. Lakini samahani nikupinge kidogo. Bibi yangu amepika kwa kuni maisha yake yote, amefariki mkongwe sana na kifua chake kizima. Mbona yeye hakudhurika? Nadhani tunausingizia moshi, haya ni maradhi ya uzee.

MwanaMaabara

Swali lako zuri, nitalijibu likifika mahali pake. Allah amrehemu bibi.

Basi nieleze nilichoona. Kazi yangu ni ya maabara. Siku makohozi ya mama mkubwa yalipotoka kwenye mashine mara ya tatu bila TB, kikopo kilikuwa cha kutupwa. Nikamwomba ruhusa nikiangalie mwenyewe. Akacheka mpaka akakohoa: "Makohozi nayo yaombewa ruhusa?" Nikachukua punje moja, ile sehemu nzito ya kijani, nikaipaka kwenye kioo nyembamba kama ute wa yai, nikaiacha ikauke, nikatia rangi ya Leishman, kisha nikaweka lenzi ya mafuta inayokuza mara 1,000.

Niliona seli za namna mbili. Za kwanza zilikuwa nyingi hata hazihesabiki, zimelaliana. Hizo ni neutrofili, seli za kinga zitokazo kwenye damu. Utazijua kwa kiini: kimegawanyika vipande vitatu au vinne vilivyoshikana kwa uzi mwembamba, kama kipande cha tasbihi iliyokatika. Za pili zilikuwa chache, kubwa, za mviringo. Hizo ni makrofaji, na kila moja niliyoipata ilikuwa imejaa vidoto vyeusi. Rangi ya Leishman hutoa zambarau na waridi, nyeusi haitoi. Ule weusi alikuja nao. Nilikaa nikauangalia muda mrefu, kwa sababu ni masizi ya ukuta ule, na ni mahamri yale yaliyonisomesha.

Si mimi wa kwanza kuyaona. Watafiti waliofanya kazi Malawi waliosha mapafu ya watu wazima kwa maji ya chumvi, wakatazama seli zilizotoka, na mwaka 2009 wakachapisha kwamba wanaokaa na moshi mwingi wa nyumbani, makrofaji zao zimebeba chembe nyeusi zaidi.

UmmuLangoni

Subhanallah. Dada, hizo makrofaji ni nini hasa? Ni ugonjwa?

MwanaMaabara

Hapana mamangu, si ugonjwa, ni walinzi wetu. Niwaeleze zilivyogunduliwa, kisa chenyewe ni cha pwani.

Kiti cha pweza mnakijua, kile chenye mikono mitano ambacho watoto hukiokota maji yakitoka. Mwaka 1882 kule Messina, kisiwa cha Sicily, mwanasayansi Élie Metchnikoff alichukua watoto wachanga wa kiti cha pweza. Wakiwa wachanga hivyo mwili wao unaonyesha ndani kama maji. Akawachoma mwiba wa waridi chini ya ngozi, akaenda kulala. Asubuhi akakuta seli zimejikusanya kuuzunguka mwiba, zinajaribu kuumeza. Hapo ndipo dunia ilipoanza kuelewa kwamba mwili una seli zinazotembea na kula kigeni kilichoingia. Mwaka 1908 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Makrofaji ni wa ukoo huohuo wa walaji. Pafu lina vifuko vya hewa kati ya milioni 300 na milioni 500, vidogo sana, na vikikunjuliwa vyote vyaweza kutandaza eneo la kiasi cha mita 70 za mraba. Humo ndani makrofaji hukaa zikitembea na kufagia: vumbi, bakteria, seli zilizokufa. Kwa mtu mwenye pafu zima kazi hiyo hufanyika kimya, wala husikii lolote.

Tatizo ni kwamba bakteria akimezwa humeng'enywa, akaisha. Masizi hayameng'enyeki. Makrofaji ikiyameza hubaki nayo, na huku inaumia inapiga mbiu kwa kemikali. Mojawapo inaitwa intaliukini 8, na kazi yake ni kuziita neutrofili kutoka kwenye damu. Mwiba wa Metchnikoff ulikuwa mmoja. Mama mkubwa alichomwa miiba mipya kila alfajiri kwa zaidi ya miaka thelathini.

Na jambo linaloniuma zaidi ni hili: makrofaji za watu wenye ugonjwa huu huwa nyingi kuliko kawaida, lakini kazi ya kula bakteria zinaifanya vibaya. Ndiyo maana mgonjwa haishiwi na nimonia na homa za kifua. Walinzi wameongezeka, ulinzi umepungua.

FundiMatondoni

Mimi ni fundi wa vyombo, elimu yangu si ya hayo, lakini nadhani nimekuelewa. Ni kama kijana anayejifunza kalafati. Ukimwambia chombo chavuja, atagonga pamba kwa patasi kila mahali, hata pasipovuja. Akigonga sana ubao unafunguka, na hapo ndipo maji yanapoingia kweli. Ndivyo?

MwanaMaabara

Fundi, Mungu akubariki, nimehangaika siku mbili kutafuta mfano na wewe umeuleta kwa mstari mmoja. Ndivyo hasa. Na patasi yenyewe ina jina.

Neutrofili ni seli za mapigano. Uboho wa mifupa hutengeneza kiasi cha bilioni 100 kwa siku, na maisha yake ni mafupi. Inapoitwa hujibana ikapenya ukuta wa mshipa, ikaingia pafuni, na imebeba vimeng'enya vya kuulia bakteria. Kimoja kinaitwa elastasi. Elastasi hukata elastini, na elastini ndiyo nyuzi zinazolifanya pafu livutike na kurudi kama mpira. Bakteria akiwapo, elastasi ina kazi ya kufanya. Asipokuwapo, neutrofili zimekuja na zinakufa palepale, vimeng'enya vinamwagika, na vinakata nyuzi za nyumba.

Mama zangu mlioko humu mnajua papai bichi linavyolainisha nyama ya mishkaki. Utomvu wake una kimeng'enya kinachoitwa papeini, ndicho kinachokata nyuzi za nyama. Miaka ya 1960 Paul Gross na wenzake huko Marekani waliingiza papeini kwenye mapafu ya panya, na mapafu yale yakapata emfisema: kuta za vifuko zikakatika, vifuko vingi vidogo vikawa mashimo machache makubwa. Niliposoma habari hiyo sikuweza tena kuchoma mishkaki bila kuifikiria. Elastasi ya neutrofili hufanya kazi hiyohiyo, polepole, kwa miaka.

Pafu la namna hiyo hewa huingia lakini haitoki sawasawa. Mpira umelegea. Mgonjwa anapumua juu ya hewa ya zamani. Mtamwona anafinya midomo kama anayepuliza moto, na mabega yanapanda na kushuka.

Hata ule ukijani wa makohozi watokana na neutrofili zenyewe. Zina kimeng'enya kiitwacho maieloperoksidasi ambacho rangi yake ni ya kijani. Makohozi yakizidi kuwa ya kijani, ujue neutrofili zimezidi. Elastasi pia huzichochea tezi kutoa ute zaidi na kuvilegeza vile vinyweleo vinavyofagia ute kuupeleka juu, kwa hiyo ute unajaa na hauna wa kuutoa.

Sasa nimjibu BahariYaManda. Mwili una breki ya elastasi. Ini hutengeneza protini iitwayo alfa-1 antitripsini, huzunguka na damu mpaka pafuni na kuishika elastasi isikate ovyo. Mwaka 1963 kule Malmö, Uswidi, Carl-Bertil Laurell na Sten Eriksson walikuwa wakichunguza damu za wagonjwa, karibu sampuli 1,500, wakaona tano hazina mstari wa protini hiyo. Watatu kati ya hao watano walikuwa na emfisema, nao hawakuwa wazee. Kwa hiyo watu hatulingani. Kuna aliyezaliwa bila breki, kuna mwenye breki nzuri, kuna aliyezaliwa na njia za hewa pana, kuna aliyeugua kifua utotoni. Bibi yako huenda alikuwa na pafu lililoweza kustahimili, na huenda alipikia uani penye hewa. Hilo halimwondolei moshi lawama, maana hata mvutaji sigara si kila mmoja huugua.

BahariYaManda

Nimekubali. Nimekumbuka kweli, bibi alipikia nje chini ya mwembe, mvua ikinyesha ndipo aingie ndani.

KijanaMalindi

Dada shukran kwa somo. Mimi niko Malindi, baba alivuta sigara tangu ujana. Ameacha mwaka wa tatu huu lakini bado anakohoa na pumzi haijarudi. Sasa anasema "niliacha ya nini?" na anataka kurudia. Nimwambie nini?

MwanaMaabara

Pole ndugu yangu. Nitakueleza ukweli wote, kwa sababu ukimdanganya atagundua.

Moshi ukikoma moto hauzimiki wote. Hapa inaingia seli ya tatu, limfosaiti aina ya CD8. Kazi yake ya halali ni kuua seli ya mwili iliyoingiwa na kirusi: huitoboa na kuitia sumu ife na kirusi chake. Mwaka 1998 watafiti wa Padova, Italia, walichunguza vipande vya mapafu vya wavutaji, wakaona wenye ugonjwa huu wana CD8 nyingi zaidi kwenye kuta za njia ndogo za hewa kuliko wavutaji ambao hawakuugua. Mwaka 2004 James Hogg na wenzake wakaonyesha kwamba ugonjwa unapokuwa mkali, limfosaiti hujijengea vituo kabisa kwenye njia hizo ndogo, mfano wa tezi. Zikishajenga hazihami upesi. Huo ndio urithi wa baba: moshi umekwenda, waliokuja kwa ajili yake bado wapo.

Lakini mwambie na hili, tena ulitie mkazo. Kila mtu akishavuka ujana pumzi yake hupungua kidogo kila mwaka. Kwa mvutaji anayeugua hupungua kwa kasi kubwa. Akiacha, kasi ile hushuka ikakaribia ya mtu asiyevuta. Kilichokatika hakiungwi tena, lakini kilichobaki kinabaki. Akirudia, anakitoa hicho kilichobaki. Miaka yake mitatu haikupotea, asingeacha angekuwa pabaya zaidi ya alipo.

Ugonjwa wenyewe, kama nilivyoutaja mwanzo, ni COPD. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 uliua watu milioni 3.5, ukawa wa nne kati ya visababishi vya vifo duniani. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa wametokana na tumbaku. Katika nchi kama zetu tumbaku ni asilimia 30 hadi 40 tu, na moshi wa majumbani ni sababu kubwa. Basi tukimwona mama asiyevuta sigara anakohoa, tusiseme "huyu havuti, basi ni pumu".

Watafiti wa Mexico wamewachunguza kwa miaka mingi akina mama wanaopikia kuni, na wameona ugonjwa wao una sura yake: emfisema ni kidogo kuliko kwa wavuta sigara, makovu na kuziba kwa njia za hewa ni zaidi. Nilipoangalia picha ya kifua ya mama mkubwa nikawakumbuka.

UmmuLangoni

Mimi nina maswali mawili. Mamangu hununua prednisolone dukani kila akizidiwa, na kweli anapata nafuu. Ni vibaya? La pili, udi na ubani je? Hapa kwetu hakupiti Alkhamisi bila chetezo.

MwanaMaabara

La kwanza nitalikawilia, kwa sababu mama mkubwa alipita njia hiyohiyo.

Prednisolone ni steroidi. Steroidi huzima uvimbe wa pumu vizuri sana, kwa kuwa pumu nyingi huendeshwa na seli nyingine za kinga, eosinofili, na hizo husikia steroidi. Neutrofili hazisikii. Peter Barnes na wenzake kule London walionyesha mwaka 2005 kwamba kwenye mapafu ya wagonjwa wa COPD kile kimeng'enya ambacho steroidi hukitegemea kuzima jeni za uvimbe kimepungua, na kinazidi kupungua ugonjwa unavyokuwa mkali. Swichi ipo, waya umekatika.

Lakini si wagonjwa wote walio sawa. Wapo wenye COPD ambao eosinofili zao ziko juu, na hao hufaidika na steroidi ya kuvuta. Namna ya kujua ni hesabu kamili ya damu, kipimo cha kawaida kabisa kinachofanywa hata kwetu. Eosinofili zikiwa 300 au zaidi kwa kila maikrolita ya damu, steroidi ya kuvuta ina nafasi nzuri ya kusaidia. Zikiwa chini ya 100, faida ni ndogo na hatari ya nimonia inabaki, kwa sababu steroidi ya kuvuta huongeza nimonia kwa wagonjwa hawa. Mama mkubwa alikuwa na 80. Nambari ile ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi zake miaka yote, hakuna aliyeisoma. Hata mimi.

Mwaka 2024 Ulaya na Marekani ziliidhinisha dupilumab, sindano ya kwanza inayolenga njia za kinga kwa wagonjwa wa COPD wenye eosinofili nyingi. Bei yake si ya watu kama sisi kwa sasa, lakini imeonyesha kuwa kumpima mgonjwa ni seli gani inamuumiza kuna maana.

Kuhusu mamako, ugonjwa unapozidi ghafla daktari huandika prednisolone, kwa kawaida siku 5 hivi, kisha basi. Kujinunulia kila mwezi ni jambo jingine. Sukari hupanda, mifupa huwa myepesi, ngozi hukonda, maradhi mengine hupata mlango. Nafuu anayoipata ni ya kweli, ndiyo maana inadanganya. Usimwachishe ghafla ikiwa amezitumia kwa muda mrefu, maana mwili huwa umezizoea. Mpeleke kwa daktari azipunguze kidogo kidogo.

La pili: moshi wa udi ni moshi. Sikwambii uache, ni mila yetu na ni harufu ya nyumba zetu. Ila chetezo kisikae kwenye chumba kilichofungwa alimolala mwenye kifua. Fukiza, fungua dirisha, mwite moshi ukishatoka.

FundiMatondoni

Na wale wa tanuru la chokaa? Ndugu yangu alifanya kazi hiyo, kuchoma mawe ya matumbawe kwa magogo ya mkoko, mchana na usiku.

MwanaMaabara

Hao wamo, fundi, tena mbele. Moshi wa magogo na vumbi la chokaa pamoja. Akiwa anakohoa, naye apime. Na waliowahi kuugua TB wakapona nao wapime, kwa sababu TB huacha makovu, na seli za kinga zilizopigana na TB ni hizohizo zilizochimba mashimo.

Niseme neno langu hapa. Tulipopinga mtambo wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe hapa Lamu, mpaka mahakama maalumu ya mazingira ikafuta leseni Juni 2019, sote tulijifunza kuzungumza juu ya moshi wa bomba, nami nilijivunia. Moshi wa darini kwa mama zetu hatukuupigia hata mkutano mmoja.

Sasa kipimo. COPD haithibitishwi kwa kusikiliza kifua wala kwa picha peke yake. Inathibitishwa kwa kipimo cha kupuliza, spairomita. Unavuta pumzi mpaka mwisho, unafinya midomo kwenye mrija, unapuliza kwa nguvu zote mpaka huna kitu. Mashine inapima ulichotoa sekunde ya kwanza na ulichotoa jumla. Unapewa salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, unasubiri, unapuliza tena. Baada ya dawa, cha sekunde ya kwanza kikiwa chini ya asilimia 70 ya jumla, njia zimeziba na dawa haikuzifungua. Pumu mara nyingi hufunguka.

Sisi tulivuka kwa boti hadi Mokowe, tukapanda basi mpaka Mombasa. Aliyempima alikuwa kijana mpole. Alimwambia, "Bibi, puliza kama unaamsha moto uliolala." Akapuliza vile, mama yule ambaye kuamsha moto ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote. Ikatoka asilimia 52.

KijanaMalindi

Sasa hivi anatumia nini? Na anapika?

MwanaMaabara

Steroidi ya kuvuta imeondolewa. Anatumia dawa za kufungua njia za hewa, amechanjwa homa ya mafua na nimokoka (bakteria wa nimonia) ili makrofaji zake zilizochoka zisaidiwe, na anafanya mazoezi ya kutembea kutoka Langoni hadi Mkomani na kurudi jua likipoa. Mwanzo alikaa kwenye kila daka njiani. Sasa anakaa mara mbili.

Mahamri anapika kwa gesi, na jiko tumelishusha uani. Kuhusu majiko ya kuni yaliyoboreshwa, yale ya kupunguza moshi, sitaki kuwavunja moyo, lakini utafiti mkubwa wa Malawi uliochapishwa mwaka 2017 ulijaribu majiko hayo na nimonia za watoto hazikupungua. Kupunguza kidogo huenda hakutoshi. Gesi ni ghali, najua. Tulipiga hesabu ya kuni, antibaiotiki na nauli tukaona tofauti si kubwa kama tulivyodhani, ila ile pesa ya mtungi inatakiwa kwa mkupuo na hapo ndipo wengi hukwama. Sisi tulichanga watoto watano.

UmmuLangoni

Pampu ya kuvuta dawa mamangu anayo lakini naona yote inamwishia mdomoni. Anaminya, anakohoa, basi.

MwanaMaabara

Hilo ni tatizo la wengi, na dawa yake ni chupa. Chukua chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita. Kitako chake kitoboe kwa waya uliopashwa moto, tundu liwe sawasawa na mdomo wa pampu, lisiwe kubwa. Chomeka pampu, ziba pembeni kwa gundi au utepe hewa isitoke. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town waliijaribu kwa watoto wenye pumu, wakakuta chupa iliyozibwa vizuri inafanya kazi sawa na kile kifaa cha kununua.

Ioshe kwanza kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe. Usiifute kwa kitambaa, maana plastiki ikisuguliwa huivuta dawa ikaganda ukutani. Tikisa pampu, mama afunge midomo kwenye shingo ya chupa, aminye mara moja tu, avute polepole mpaka mwisho, azuie pumzi kiasi cha kuhesabu kumi, kisha atoe. Asipoweza kuzuia, avute na kutoa mara tano humohumo chupani. Dawa ya pili iminywe baadaye, zisiminywe mbili kwa pamoja. Ikiwa pampu yake ni ya steroidi, asukutue kwa maji na kutema.

Mama mkubwa yake iko kwenye rafu ya uani, pembeni ya sinia la mahamri. Ameifunga utepe mwekundu shingoni, kwa sababu mara mbili mjukuu ameiteremsha akaijaza maji ya kupeleka madrasa.